Shanga Ndani ya Tairi

Binti yangu,

Nina miaka sabini na tisa, nimezika pikipiki tatu na mafundi wawili walionibishia. Uliniambia niuze hii ya nne, eti mikono yangu inatetemeka. Kumbe ni gurudumu, limeelemea upande mmoja na kutikisa usukani! Fundi alitaka kubandika vyuma vya uzito kwenye rimu. Nikamwambia, "Mimina shanga ndani ya tairi, zitautafuta zenyewe upande mwepesi." Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akazimimina. Leo usukani umetulia kama maji mtungini, na fundi anauliza shanga zinauzwa wapi. Mama yako alipanda nyuma na kikombe cha chai, hakikumwagika hata tone. Kwa hiyo siuzi. Ukiona mwandiko unatetemeka, ni meza hii.

Habari ya chai muulize mama yako. Ya meza usimuulize.

Baba yako, bado barabarani.