Aliyenibeba Lukaya

Kanyenye, Tabora
14 Julai 1979

Mama Anton,

Shikamoo. Mimi ni Shaban, niliyekuwa vitani Uganda pamoja na mwanao. Nimerudi nyumbani salama. Goti linapona, na dada yangu Zamda ananilisha kana kwamba nimetoka gerezani.

Najua jeshi limekwisha kukuletea habari za msiba. Mimi nataka ujue ilivyokuwa.

Lukaya ni mji mdogo kwenye barabara ya Kampala, umezungukwa na kinamasi. Jioni ile makombora ya adui yalituangukia, wenzetu wakatawanyika, nami nikaanguka matopeni nisiweze kuinuka. Anton akarudi, akaniinamia.

"Niache," nikamwambia.

"Nimebeba marobota ya tumbaku ya mama tangu utotoni," akasema. "Wewe huna uzito."

Alinipitisha kwenye matete mpaka kwa madaktari wa jeshi. Kulipokucha, brigedi yetu nyingine ilikuwa imezunguka na kuifunga barabara nyuma ya adui, na kikosi chetu kikashambulia kutoka mbele. Anton alikuwemo, akapigwa risasi. Siku hiyo adui alikimbia, na njia ya Kampala ikafunguka.

Mama, asante kwa kumzaa na kumlea vile. Kila asubuhi nikiamka namshukuru Mungu, kisha nakushukuru wewe.

Siwezi kuziba nafasi yake. Lakini mvua zikianza nitapanda garimoshi nije Usoke, nikulimie shamba, kama utaniruhusu.

Mwanao,
Shaban