Wakwe wa Deo Walivyofika Mmoja Mmoja

Mount Druitt, Sydney
Agosti 2007

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Deo aliniambia umeanza tena kwenda jumuiya kwa miguu. Nilifurahi, ingawa najua wewe ukiumwa huwa husemi. Jikoni wameshamaliza kupiga bati, au fundi bado anakuzungusha? Sisi huku hatujambo. Ni baridi kali, Baba Gloria anavaa soksi mbili mbili hata ndani ya nyumba, lakini afya zipo na kazi zipo, tunamshukuru Mungu.

Naandika kwa sababu kadi za simu zimenishinda. Kila nikifika mahali penye utamu, yule mwanamke wa kwenye mashine anadai nimebakiwa na dakika moja, na wewe unabaki unauliza, "Nani kabaki Japani? Kwa nini?" Jirani yetu anakuja Dar wiki ijayo, nimempa bahasha hii na picha aitume Kigoma kwa basi. Basi vaa miwani, kaa vizuri, nikueleze tangu mwanzo.

Yumi unamjua kwa jina tu. Mimi nilimfahamu kabla ya Deo. Alikuja kufanya kazi ya kufua pale Lidcombe, kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Vijana wa Kijapani wana visa yao ya kuja huku mwaka mmoja, kutembea na kufanya kazi kidogo wapate nauli ya kuendelea kutembea. Masharti yake ni kwamba usikae kwa mwajiri mmoja zaidi ya miezi michache. Kwa hiyo alipoanza tu kuzoeana na wazee, muda wake ukaisha. Siku ya kuaga nikamkaribisha nyumbani ale chakula. Deo alikuwa ametoka shifti ya ghala kule Seven Hills, amejilaza kwenye kochi, jicho moja limefumba. Yumi alipoingia, akakaa wima, na usingizi haukumrudia jioni ile.

Ukitaka visa hiyo kwa mwaka wa pili, lazima ukafanye kazi ya shamba miezi mitatu. Yumi akaenda kuchuma machungwa huko bara, mbali kabisa na Sydney. Na Deo wetu, ambaye Jumamosi haamki mpaka umvute shuka, akawa anapanda treni alfajiri kwenda kumwona. Anarudi na machungwa hatujui tumpe nani. Nikajua hapo kuna jambo.

Sasa mwaka huo wa pili nao unaelekea mwisho, na wa tatu haupo. Ndipo Deo akaja jikoni akasema, "Dada, nataka kuoa, na nataka iwe kwa heshima, wazazi wake wajue na Mama ajue." Wewe ukasema sawa, ukataka tu uhakikishe binti ana adabu. Kwao haikuwa rahisi hivyo. Baba yake alimwambia Yumi kwenye simu kwamba huyo Mwafrika anatafuta pasipoti ya Japani. Na hapa kanisani, Mama Furaha, yule Mkongo wa Uvira ninayekusimulia, alinivuta pembeni. "Dada Tasiana, uangalie sana. Ule mtoto wa Japani anatafuta papier kwa ndugu yako." Nilicheka. Kwa mzee, Deo ndiye anayetafuta makaratasi. Kwa Mama Furaha, ni Yumi. Mimi dada mtu niko katikati.

Mwishowe yule baba akasema hatatoa neno kwenye simu. Atakuja na mke wake, amwone kijana kwa macho yake. Kusema kweli Yumi aliogopa. Baba yake alikuwa mwalimu wa udereva mpaka alipostaafu, na kila kitu kwake kina utaratibu.

Wajapani hawapati shida tunazopata sisi, Mama. Unakumbuka Deo alivyohangaika kuja huku, mara picha ya kifua, mara barua za benki, mara arudi tena kesho. Wao wanaomba ruhusa kwenye kompyuta, wanaandika namba ya pasipoti, na inapatikana papo hapo. Hawabandikiwi hata karatasi. Yumi aliwaombea wazazi wote wawili jioni moja akiwa amekaa mezani kwetu, chai yake haijapoa. Deo alikuwa anamtazama, akaniambia kwa Kiswahili, "Dada, umeona? Chai haijapoa."

Siku ya kuwapokea tulifika uwanja wa ndege mapema. Deo alivaa suti ya Baba Gloria, mikono ya koti imemwishia juu kidogo ya kifundo. Gloria alishika maua. Watu wa ndege ile wakaanza kutoka, wakatoka, wakapungua. Halafu akatokea mama mmoja mdogo wa umbo, anasukuma kigari chenye masanduku mawili makubwa, peke yake.

Yumi alimkimbilia. Nikamwona anaangalia nyuma ya mama yake, anauliza kitu, na uso unabadilika. Deo akaninong'oneza, "Mzee amekataa kuja." Sauti yake ilikuwa kama ya siku ile alipofeli darasa la saba.

Lakini tulikuwa tumefundishwa tusimwache mgeni amesimama, kwa hiyo Deo akapiga hatua mbele, akainama kama alivyofunzwa, akasema neno la Kijapani alilolifanyia mazoezi bafuni mwezi mzima. Yumi akaziba mdomo. Kumbe kijana alichanganya. Badala ya karibu ya kumpokea mgeni, alisema *okaeri*, neno ambalo kwao mtu wa nyumbani huambiwa akirudi kutoka kazini au sokoni. Ni kama amemwambia, "Umerudi, Mama?" Yule mama alimtazama Deo kuanzia viatu mpaka kichwani. Halafu akajibu kwa sauti ndogo, na Yumi akatutafsiria huku anacheka na machozi yanamtoka. Alikuwa amejibu, "Ndiyo, nimerudi."

Hapo ndipo tukapata habari yenyewe. Mzee hakukataa. Pasipoti yake ya zamani ilikuwa karibu kuisha, naye kwa utaratibu wake akaenda kuchukua mpya bila kumwambia Yumi. Ile ruhusa ilikuwa imeandikwa kwenye namba ya zamani. Walipofika kwenye kaunta kule kwao, msichana wa ndege akamwambia kwa adabu kwamba kompyuta haimtambui. Wakaanza kumwombea upya, lakini foleni ilikuwa ndefu na ndege ilikuwa inafunga milango. Yule mama hajawahi kutoka Japani maisha yake yote, na hajui Kiingereza hata cha kuombea maji. Mume akampa sanduku lake na kumwambia, "Tangulia. Mmoja wetu lazima afike kama tulivyoahidi. Mimi nitakuja kesho." Akatangulia. Kwenye fomu ya kuingia nchini, ambayo ipo hata ya Kijapani, akatangaza vyakula vyote alivyobeba mpaka mwani, na askari wa forodha akamwachia kila kitu isipokuwa matunda makavu. Alitusimulia hilo kwa fahari kubwa kuliko safari yenyewe.

Tukaja naye nyumbani. Nilikuwa nimepanga kupika kuku, lakini alipoingia jikoni aliona dagaa niliowaacha kwenye ungo. Si dagaa wa Kigoma, ni wa duka la Wachina, lakini wanatufaa. Akashika mmoja, akanusa, akaniangalia. Halafu, Mama, akakata kichwa kwa kidole gumba, akatoa utumbo, akaweka pembeni, akachukua mwingine. Vilevile unavyofanya wewe. Nikavuta kiti nikakaa naye. Yumi akatuambia kwamba kwao huchemsha dagaa kama hao kupata mchuzi, na kila asubuhi mama yake huanza kwa kukata vichwa. Tulimaliza ungo mzima hatujasema neno linaloeleweka. Yeye anaongea Kijapani, mimi namjibu Kiswahili, na Gloria, ambaye anasikia Kiswahili vizuri lakini akijibu ni Kiingereza, akasimama mlangoni akauliza tunaelewana kwa lugha gani.

Mchana Deo alimpeleka kutembea mtaani. Nikawaona dirishani wanarudi, yeye amebeba mkoba wa yule mama begani kama kawaida tu, na yule mama ameshika mkono wa koti lake. Alipokuwa anavua viatu mlangoni akamwambia Yumi jambo. Yumi hakutaka kututafsiria. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Baadaye aliniambia mama yake alisema, "Baba yako akija, mwache aongee mpaka amalize. Mimi nimeshaamua."

Mzee alifika kesho yake. Ni mwembamba, amenyooka, tai imefungwa vizuri baada ya safari ndefu vile. Kabla ya kutusalimia sisi alimwinamia mke wake akamwomba radhi. Njiani alikaa mbele, karibu na Baba Gloria, na kila tulipokaribia taa nyekundu mguu wake ulikanyaga breki isiyokuwepo. Baba Gloria akaona, akapunguza mwendo, akaendesha kama yuko kwenye mtihani. Tulipofika nyumbani mzee akasema neno lake la kwanza kwake. Alimwambia amefaulu.

Tulikula kwanza. Ugali alikula kwa mkono, polepole, anaangalia vidole vya Deo. Tulipoondoa sahani, akaweka mikono magotini, na Yumi akakaa katikati kutafsiri.

"Kwa nini unamtaka binti yangu?" akauliza.

Deo alikuwa ameandaa hotuba, lakini ilimpotea. Akasema, "Kwa sababu akiwa mbali sifanyi kitu chochote vizuri."

Mzee akasema, "Nilidhani unataka pasipoti yetu."

"Mzee, nina ukaazi wa kudumu hapa. Sina haja ya pasipoti nyingine. Yumi ndiye visa yake inakwisha."

Yule baba akamgeukia binti yake. Ilikuwa kama hajawahi kulifikiria jambo hilo upande huo. Yumi akatikisa kichwa kukubali. Alimwambia ni kweli, mwisho wa mwaka ni lazima aondoke, na kama ni mambo ya makaratasi, watu wa kanisani wanamsema yeye. Mimi nikaona niseme ukweli wote, nikamweleza habari ya Mama Furaha na papier zake. Yumi akatafsiri. Mama yake akaanza kucheka, akaziba mdomo kwa kitambaa, akashindwa. Mzee alijizuia sana, Mama, niliona mabega yanatetemeka, halafu naye akacheka.

Alipotulia akasema maneno ambayo nimeyashika. "Jana nilikaa uwanja wa ndege nikingoja mtu nisiyemjua aseme kama naruhusiwa kwenda alipo mwanangu. Sijawahi kungoja hivyo. Yumi ameniambia wewe umengoja hivyo mara nyingi, na hukurudi nyuma." Akamwinamia Deo. Deo akainama zaidi, akagonga paji la uso kwenye meza. Ndivyo walivyopatana.

Mama, wamekubali. Na wamesema ndoa ifungwe kwetu Kigoma, mbele yako na Baba Mkubwa, mwezi wa kwanza. Mzee alinikalisha chini asubuhi yake anihoji masharti yote ya Mjapani kuingia Tanzania. Nilimweleza kwamba visa wanaweza kuipata ubalozini Tokyo au wakitua, kwamba wachome sindano ya homa ya manjano waje na kadi yake, na pasipoti isiwe inakaribia kuisha. Alisema safari hii watabeba vyote mkononi, na akirudi kwao atapiga simu ubalozini ahakikishe mwenyewe.

Naomba uwaandalie chumba cha mbele. Wanavua viatu kama sisi, na kitanda si lazima, mkeka na godoro vinatosha. Usijisumbue kutafuta vyakula vya kizungu. Pika dagaa.

Nisalimie Baba Mkubwa, mwambie mahari watapanga yeye na mzee mwenzake, wakalimani watakuwepo. Msalimie shangazi wa Ujiji, na mdogo wangu Agnesi na mumewe, na mwalimu wetu wa kwaya, aanze kufundisha nyimbo za harusi. Baba Gloria anakusalimu. Gloria amesema nikuandikie kwamba yeye ndiye atakayebeba maua.

Ni mimi binti yako anayekuwaza kila siku,

Tasiana

Yumi ameona naandika, ameomba nimwachie nafasi hapa chini aandike kwa mkono wake. Sijamsahihisha.

*Shikamoo Mama. Mimi ni Yumi. Kiswahili changu bado kidogo. Ninakuja kwako kuwa mtoto. Tafadhali unipokea.*