Mashambulizi ya Kushoto

Jumamosi, 4 Mei

Baba watoto yuko likizo, na leo amefukua lile gemu letu la zamani la kompyuta — wachimba madini wa sayari dhidi ya wadudu wa angani! Uchumba wetu ulianzia humo. Tumeunganisha laptop mbili kwa waya, yeye wachimbaji, mimi wadudu. Nimemshinda! Sijawahi tangu tujuane. Amenuna. Nikamwambia asiyekubali kushindwa si mshindani. Nimepika huku naimba.

Jumapili, 5 Mei

Nimemshinda tena. Wadudu wangu wamepitia kushoto, wakamlia mitambo yote ya umeme, yeye anajenga minara kulia kana kwamba hakuna vita. Nikadhani ananidekeza. Kumbe jasho linamtoka.

Jumanne, 7 Mei

Leo nimefanya makusudi. Nikishambulia kutoka kulia ananikung'uta, ni yuleyule jenerali wangu wa zamani. Kutoka kushoto — haoni kitu. King'ora kinalia, yeye anamtafuta adui kulia.

Mchana amekula nusu ya sahani. Chakula cha upande wa kushoto hakikuguswa, naye anauliza kama kuna cha kuongeza! Nikacheka. Kisha kicheko kikanikauka mdomoni. Mume wangu ni dereva wa kreni. Chini ya mizigo yake wanapita watu.

Alhamisi, 9 Mei

Nimemwambia. Akanitania kwanza, eti mshindi hakosi maneno. Nikamwinulia vidole upande wa kushoto ahesabu. Akakisia. Akakosea. Akawaka! Eti uchovu tu, kule juu anafanya kazi hata akifumba macho. Nikasema basi nampigia msimamizi wake. Akasema mke anayemchongea mumewe kazini si mke. Sikupiga. Naogopa kumkosesha kazi, na naogopa zaidi mzigo utakaomwangukia mtu.

Jumamosi, 11 Mei

Amelainika. Likizo inaisha, lakini Jumatatu ataanzia hospitali ya macho, ameniapia. Gemu hataki hata kulisikia.

Jumatatu, 13 Mei

Nimedanganywa mchana kweupe! Nimemfuata hospitali, hawajamwona. Nimekimbia mpaka kwenye ujenzi. Mlinzi hanipitishi bila kofia ngumu, amenikalisha kibandani kwake. Naandika humu nikisubiri. Kreni inafanya kazi. Namwona mtu kwenye kile chumba cha juu. Simu yake inaita tu.

Nimempigia msimamizi wake, amepokea. Anacheka — shemeji tulia, mzee karudi na nguvu mpya, anatushushia nondo. Nikauliza anashushia wapi. Huku kushoto kwake, walipo mafundi wa zege, kwani vipi?

Nimesema yote. Haoni upande huo, waondoe watu! Hajakata simu, ipo hapa mezani, nasikia anapuliza filimbi, anapuliza tena. Mlinzi ametoka nje, anatazama juu. Nondo bado zinashuka, na mume wangu uso wake ameuelekeza kulia.