Goti la Mama na Simu Inayotafsiri

3 Machi

Mama, shikamoo.

Nimefika salama, baridi ndiyo inanikomesha. Kuna mwenye duka ameipenda mikoba yako, ila anataka kuongea na fundi mwenyewe. Lugha isikutishe. Wewe sema Kiswahili kwenye simu niliyokuachia, yeye atasoma kwa lugha yake. Akijibu, utamsikia kwa Kiswahili.

Lakini nakujua, Mama! Taja rangi, idadi na siku ya kutuma, basi. Salamu acha, watu wa huku hawana muda. Tukimkosa huyu, kampuni yetu changa tunaifunga.

Mwanao

9 Machi

Mwanangu, marahaba. Hujambo? Unakula? Kile kifua kimepona? Mimi mzima, ila goti linanisumbua kila nikikanyaga cherehani.

Jamani, hiyo simu! Nimeongea hapa hapa kwenye kiti changu, na mtu wa ng'ambo akanielewa! Niliwaita mafundi wenzangu waje washuhudie. Una akili, mtoto wewe, sijui umeitoa wapi, maana kwa baba yako si rahisi.

Ya salamu nimesikia. Ila nitaanzaje na mikoba moja kwa moja, kama namdai?

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Mwenye duka kanyamaza. Nimesoma mazungumzo yenu, simu hunitumia nakala. Umemuuliza usingizi, umemuuliza mtoto, ukamsimulia na goti! Mikoba umeitaja mwisho kabisa. Nilikuomba kitu kimoja tu.

5 Aprili

Mwanangu, marahaba, ingawa hukuniamkia.

Biashara kama nimeiharibu, nisamehe, imeniuma sana. Lakini yule mama mwenye duka alisema mwanawe anaumwa. Ningempitaje?

Mama yako

21 Aprili

Mama, shikamoo. Na ile ya barua iliyopita, shikamoo tena.

Mwenye duka ameandika! Alikuwa hospitalini na mwanawe, sasa wametoka. Anasema wauzaji wengi walimtumia bei, wewe peke yako ulimuuliza habari za mtoto. Anataka mikoba kwa maduka yake yote, na amemwambia rafiki yake wa nchi jirani. Hatufungi, Mama! Mimi nilijisifia simu tu, kumbe nilikuwa nakuziba mdomo.

Mwishoni ameniuliza goti la mama linaendeleaje. Nimeona aibu, maana mimi sikukuuliza.

Mama, goti je?

Mwanao