Mzee Sulumbek Alisimama

Steyr, 4 Oktoba 2016

Petimat mwanangu,

Salamu kutoka Austria. Hali yangu ni nzuri kuanzia kiunoni kwenda juu. Kwenda chini unajua mwenyewe. Hujambo huko Bergen? Mvua inaendelea, au imewapa siku moja ya kuanika nguo?

Nakuandikia kwa sababu simu siiamini. Juzi ilikohoa, na mimi sikuwa nimekohoa.

Habari ni mbaya. Ukimbizi walininyima zamani, hilo unalijua. Sasa hata ruhusa ya kubaki kwa ajili ya ulemavu wameikataa. Wanasema naweza kusimama mwenyewe, kwa hiyo naweza kurudishwa Urusi. Mimi, niliyevunjwa nyonga na bomu la ardhini kule kwetu Shali, ambaye kiti cha magurudumu kinanijua kuliko alivyonijua mama yako, Mungu amrehemu.

Mtu amepeleka maneno. Nina hakika ni Lecha, yule mkalimani. Mchecheni mwenzetu, kijana mdogo, na viatu vinang'aa namna ile: nani anamnunulia? Alikuwepo siku daktari wa idara ya uhamiaji alipokuja kunikagua nyumbani, na wakati wa kuondoka hakunitazama usoni. Jana alinisalimia dukani. Nikageuza kiti.

Wakili amekata rufaa. Usimwambie mtu.

Baba yako

Bergen, 19 Oktoba 2016

Baba mpenzi,

Assalamu alaykum. Sisi wazima, na mvua nayo nzima. Nyonga inaumaje baridi hii? Unapika, au bado unaishi kwa chai na mkate?

Nimempigia wakili wako. Usikasirike, Kijerumani changu ni kibovu kiasi kwamba hata hao wanaokusikiliza wasingeambulia kitu. Anasema daktari hakuandika kwamba ameambiwa. Ameandika kwamba ameona. Kwa macho yake, Baba.

Kwa hiyo nakuuliza, tena kwa karatasi, maana mbele yako nisingethubutu: unatembea? Kama mguu umepata nafuu ukatuficha, niambie mimi. Mume wangu anasema wapo watu wanaojifanya. Nilimwambia anyamaze. Halafu nikaanza kufikiri.

Binti yako

Bergen, 20 Novemba 2016

Baba,

Assalamu alaykum. Natumaini u mzima, maana simu hupokei na barua hujibu. Wakili anasema uko hai na umemfukuza mara mbili.

Nisamehe lile swali. Sitaki unijibu. Nieleze tu siku ile daktari alipokuja, tangu kengele ilipolia. Ulifanya nini? Kesi ni Desemba, na mtu anayerudishwa kule kwa kiti cha magurudumu hafiki mbali. Ukinyamaza, nitakukosa kwa sababu ya kununiana.

Binti yako

Steyr, 28 Novemba 2016

Kwa Bi Petimat,

Mimi mzima. Natumaini na mume wako mwenye mawazo mengi ni mzima.

Kengele ililia. Akaingia mwanamke, mvi kichwani, mkoba mkononi, Lecha nyuma yake. Nikafanya anachofanya mtu aliyelelewa. Nilishika meza, nikauma meno, nikanyanyuka. Nikamwambia karibu. Nikabaki wima mpaka alipoketi, naye alivua koti kama anayemenya kitunguu, Mungu amsamehe. Alipoondoka nililala kwa siku kadhaa nikimeza vidonge.

Ulitaka nimpokee mgeni kama gunia la viazi? Babu yako alikuwa kitandani anakata roho, na alipoingia mtoto wa jirani alijaribu kuinuka.

Swali lako limeniuma kuliko bomu. Bomu halikuwa linanijua.

Baba yako, hata hivyo

Bergen, 3 Desemba 2016

Baba mpenzi,

Assalamu alaykum, na kabla sijakuuliza afya yako niseme hili: hakuna aliyekuchongea. Umejichongea mwenyewe, kwa adabu.

Nimeongea na Lecha. Anasema alitaka kukwambia, "Kaa, mzee," ila kijana atamwambiaje mzee akae mbele ya mgeni? Akaangalia chini. Baadaye alimweleza daktari kwamba kwetu hata anayekufa huinuka. Akajibiwa kwamba kazi yake ni kutafsiri yaliyosemwa.

Sasa nisikilize. Hakimu akiingia, watu wote watasimama. Wewe usisimame. Idara itakuwa na mtu wake pale, na kazi yake ni kukuangalia. Najua ninachokuomba. Kaa, Baba.

Binti yako

Steyr, 24 Januari 2017

Petimat mwanangu,

Salamu nyingi kwako na kwa mjukuu wangu. Mumeo pia, msalimie.

Aliingia hakimu, mwanamke aliyenizidi umri. Wote wakasimama: wakili, Lecha, mpaka mama aliyekuwa anafuta vioo. Mikono yangu ikaanza kutafuta meza. Nikaikalia, kama mtoto wa shule. Mtu wa idara hakumwangalia hakimu, aliniangalia mimi.

Kibali nimepata. Cha mwaka mmoja. Halafu watakuja kukagua tena, hawasemi lini, hawasemi atakuja nani.

Jumapili wazee wetu walikuja kunipongeza, na Lecha amebeba sufuria ya nyama. Nani aliwatuma? Labda hakuna. Mlango ulipofunguka, nikabaki nimekaa. Walisimama pale kizingitini wakidhani najikusanya ninyanyuke. Kisha wakaelewa. Waliketi ukingoni mwa viti, wakasifia hali ya hewa, wakaondoka. Nyama haikuguswa. Lecha akabaki nyuma, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mzee, tulikuwa sisi tu."

Nikamjibu, "Hata yule daktari alikuja na wewe."

Sijivunii. Lakini niko hapa, sijapandishwa ndege.

Umeandika kwamba mtakuja theluji ikiyeyuka. Njooni. Mtanikuta nimekaa, na mtoto usimwambie kwamba babu hana furaha. Ingieni, fungeni mlango, vuteni pazia. Halafu ngojeni kidogo, nishike meza.

Baba yako