Sweta ya Mama Iliyobaki Kwenye Spoku

Kwa mama yetu mpendwa, Nereah Apendi Oguttu wa Busia, binti wa Iyolwa, aliyetutoka Mei 1966.

Mwaka umegeuka, Mama, na sweta yako bado iko kwenye sindano. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalotunyima raha. Wenzetu wakiandika kumbukumbu za wazazi wao huanza na wema wakamalizia na machozi. Wema wako tutaufikia, usijali. Lakini unamjua binti yako Mildred, jambo likimwasha hakai.

Ni ile ya kijani, uliyoianza na kuitangazia nyumba nzima: "Hii ni yangu. Mwenye ataomba, nachoma yeye na spoku!" Tulicheka sana, maana kila ulichojifumia kiliishia mwilini mwa mtu mwingine. Ile ya bluu ilikwenda na mjane wa jirani. Ile ya rangi ya maziwa uliivua barabarani ukamfunikia mtoto wa mama muuza ndizi, ukarudi nyumbani unatetemeka, unasema si baridi, ni upepo tu. Nyuma ya mlango kila mmoja wetu alikuwa na msumari wa kutundika sweta yake. Kwenye msumari wako palining'inia aproni.

Sasa dada yake Baba, Shangazi Syprose wa Sop Sop, ametuletea neno. Kazi ya marehemu, anasema, haiingii mwaka wa pili ikiwa kwenye sindano. Ama imalizwe kabla ya siku ya kumbukumbu, ama ifumuliwe na uzi ugawanywe. La sivyo nyumba haitatulia. Na kweli nyumba haijatulia, Mama. Hapo hakukosea.

Wanaosoma hapa na hawakukujua watashangaa kwa nini watu wazima wameshindwa na sweta moja. Basi nao wasikie ulivyokuwa ukifanya kazi.

Sindano zako zilikuwa spoku za baiskeli. Baba yetu Erastus Oguttu ni fundi baiskeli, na kila gurudumu bovu lililoletwa kwake lilikupa sindano. Wakati mwingine gurudumu lilikuwa zima. "Nereah, spoku zangu!" "Spoku gani? Mimi naona sindano." Ulizinoa juu ya jiwe la mlangoni mpaka zikateleza kwenye uzi bila kukwama. Uzi nao ulitoka kwenye sweta kuukuu. Ulizifumua, ukaufua uzi, ukauning'iniza na kuufungia jiwe ili unyooke. Kijani cha sweta yako kilitoka kwa askari mmoja wa kambi ya Rubongi ambaye sweta yake ilikuwa imetoboka viwiko vyote viwili. Alikupa bure, ukamfumia soksi.

Akina mama wa misheni kule Tororo ndio waliokufundisha, na walikupa kitabu chenye picha. Hukukifuata hata siku moja. "Mtu ya kitabu hana tumbo kama ya Oguttu," ulisema, ukakiweka chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba. Wewe ulichora kwenye ungo. Mahindi yalikuwa uzi mweupe, njugu uzi mwekundu, choroko uzi wa kijani. Punje moja, kitanzi kimoja. Ulizipanga kwenye misuko ya ungo mstari kwa mstari, ukainamisha kichwa, ukahamisha njugu moja, ukairudisha. Tukikusemesha hukusikia. Ukiridhika ndipo unashika spoku.

Kugusa ungo ule ilikuwa mwiko. Kuku aliyekula kola ya sweta ya ndugu yetu Chrispinus tulimla yeye siku hiyohiyo. Ni Baba tu aliyethubutu. Alikuja kutoka kazini, mikono myeusi kwa grisi, akasimama nyuma yako kama mtu anayeangalia kazi nzuri, kisha akanyakua njugu moja akaitia kinywani. Nawe bila kugeuka ukampiga kofi mkononi. "Mzee, hiyo bega ya mtu!" Naye anatafuna taratibu. "Mbona bega tamu hivi?" Siku zote maneno yalikuwa hayohayo, na siku zote mlicheka.

Ulikuwa na moyo, Mama, na ulikuwa na mdomo pia. Uganda ilipopata bendera yake, na mwaka uliofuata Kenya ikapata yake, ulijifumia kofia moja yenye rangi za zote mbili, ukawa unavuka nayo kwenda Iyolwa na kurudi. Karani mmoja mpakani akakusimamisha. "Mama, kofia hii ni ya nchi gani?" "Ya nchi ya baridi," ukamjibu, ukapita zako. Mwezi haukuisha, karani mwenyewe akaja kuagiza ya kwake.

Mvua ilikukuta njiani ukitoka kumwona Nyanya huko Iyolwa, kifua kikakushika, na hukuwa na kitu cha kujifunika. Naliandika hili nikiwa na hasira. Mwanamke aliyevisha nusu ya Busia aliloa kama kifaranga. Mgongo wa sweta yako ulikuwa umekwisha, kijani kitupu. Kifuani ulikuwa umeanza pembetatu nyekundu ukaziachia nusu. Kilichobaki kilikuwa kimepangwa chote kwenye ungo, kimefunikwa kitambaa, juu ya rafu ya jikoni. Kitandani uliniambia, "Nikiamka namaliza bega." Hukuamka.

Kama ilivyo desturi yetu, siku za msiba sisi wafiwa hatukugusa jiko. Wageni ndio waliopika. Shangazi Syprose alifika kwa kishindo chake, watu wamejaa uani, akaingia jikoni, akafunua kitambaa cha ungo. Akakuta mahindi, njugu na choroko, safi, hamna hata kijiwe kimoja. Alikusifu, Mama! "Nereah, hata umekufa bado unatulisha." Akayamimina yote kwenye sufuria kubwa, akaongeza mengine, akachemsha.

Tukala. Chrispinus aliongeza sahani. Mdogo wetu Nanjala alipoingia jikoni kutafuta maji ndipo tuliposikia yowe: "Sweta ya Mama iko wapi?" Majirani walidhani msiba umempanda kichwani. Sisi tulielewa mara moja. Baba aliweka sahani chini polepole. "Tumekula bega lake," alisema, akatoka nje.

Shangazi alilia kuliko sisi sote. Kisha, kama kawaida yake, akakasirika. "Mimi ningejua wapi kwamba hapa kwenu chakula ndio nguo?" Watu wakamwambia maji yakimwagika hayazoleki. Hayo yalikuwa maji, Mama. Ule ulikuwa mchoro wako.

Tangu hapo hatuna utulivu. Baba hatii njugu kinywani. Anapanda baiskeli asubuhi, anakwenda mpaka Malaba, anarudi, hana alichonunua wala aliyemwona. Ukimwuliza anasema anajaribu breki. Chrispinus anaitoa sweta sandukuni, anaikunjua, anaikunja. Mimi nimeanza ungo upya mara nyingi na kila mara nimeumwaga, kwa sababu hakuna anayekubaliana na mwenzake. Chrispinus anaapa pembetatu zile ni Mwamba wa Tororo. Nanjala anasema ni mapaa ya nyumba za kwenu Iyolwa. Baba, ambaye haulizwi, anapita mlangoni anasema, "Yale ni meno ya gia," na kuendelea na safari yake. Tumegombana kwa ajili ya pembetatu mpaka majirani wakaja kuamua. Nao wakagombana.

Juzi Jumamosi Shangazi aliwasili na kikapu chake. Siku zimekwisha, akasema. Aliketi, akaipakata sweta, akaushika mwisho wa uzi. "Nyinyi mtakaa na kitu hiki mpaka kiwatie wazimu. Mimi ndiye niliyeharibu, basi mimi ndiye nitakayefumua. Laana ikiwepo, iwe yangu."

"Shangazi, ngoja," nikasema.

"Nimengoja mwaka."

"Ngoja kidogo tu!"

Nikatwaa ungo. Shangazi naye uzi bado uko mkononi, ameukaza. Nikapanga njugu za pembetatu zako pale ulipoishia, na hapo nikakwama kama siku zote. Mama angefanyaje? Ndipo nikakusikia vile ulivyomsema mtu wa kitabu. Wewe hukumwuliza mtu angefanyaje. Nikaacha kuuliza. Nikazifunga pembetatu kwa mahindi, nikapandisha mstari mmoja wa njugu bega la kulia na mmoja bega la kushoto, kama njia mbili zinazotoka mahali pamoja. Chrispinus akasema si hivyo. Nanjala akasema kwa nini zisiwe tatu. Nikawaambia wanyamaze, na ajabu, wakanyamaza.

Sikumsikia Baba akiingia. Nilichokiona ni mkono mweusi wa grisi ukipita juu ya bega langu, ukaokota njugu, na njugu ikaenda kinywani. Sikufikiri, Mama. Mkono wangu ulikuwa umekwisha kumpiga kabla sijajua.

"Mzee, hiyo bega ya mtu!"

Nikaogopa, maana sijawahi kumpiga baba yangu wala kumwita Mzee. Alisimama na njugu kinywani, hatafuni. Kisha akatafuna. "Mbona bega tamu hivi?" akasema. Akacheka, Mama. Akacheka mpaka akashika ukuta, na machozi yakamchuruzika mpaka kwenye ndevu, nasi sote tukawa tunacheka na kulia bila kujua kipi ni kipi.

Shangazi Syprose aliuachia uzi. Alifungua kikapu chake, akatoa njugu moja ya Sop Sop, akaifuta kwenye leso, na kuiweka pale pa ile iliyoliwa.

Kwa hiyo sindano zako hazitakuwa tupu leo, Mama. Mabega yamekwisha, mikono bado, na Shangazi hadai tena ifumuliwe. Sweta ikiisha, haivaliwi na mtu. Aproni tumeitoa kwenye msumari wako, na msumari unangoja.

Wanaokukumbuka: mumeo Erastus Oguttu, ambaye jana hakwenda Malaba, wanao Mildred, Chrispinus na Nanjala, mama yako na ndugu zako wote wa Iyolwa, wifi yako Syprose wa Sop Sop, na wote wa Busia, huku na ng'ambo ya mpaka, ambao asubuhi ya leo wameamka wakavaa kazi ya mikono yako.

Maadamu njugu zimo kwenye ungo, Mama, hatutakusahau kamwe.