Nilivyoishia Mlangoni kwa Mama Mkwe

Mke wangu Mama Simiyu,

Habari za hapo nyumbani? Mguu umepoa, ama bado unauma ukishuka shambani? Yule mdogo ameacha kukohoa? Mimi mwili uko sawa, namshukuru Mungu. Bado nakaa mtaa wa Small Heath huku ng'ambo, chumba kile kile juu ya duka la nguo.

Najua karatasi hii itakushangaza, sisi watu wa kupigiana simu. Nitaipiga picha nikutumie. Kwa simu ningesikia sauti yako, halafu ningeanza kuongea juu ya mvua. Nataka ulisome jambo hili lote kabla hujasema kitu.

Unakumbuka nilipokuambia nimefikisha pointi sabini za visa, ukapiga vigelegele mpaka majirani wakaja? Sikukueleza vizuri. Kwa hizo sabini, kumi tu ndizo zangu, za Kiingereza. Zingine zote ni za kazi: kwamba kuna kampuni imenidhamini, kwamba kazi ni ya aina wanayotaka, kwamba mshahara unatosha. Kampuni ikiniachilia, zinaanguka zote. Napewa muda mfupi nitafute mdhamini mwingine, na nikikosa, ni kurudi. Ndiyo maana nikiitwa ofisini hata kwa jambo dogo, naenda mbio. Nimekuwa mtu wa kusema ndiyo kabla sijasikia swali.

Sasa, kazi yetu unaijua, kuzunguka kwa nyumba za wazee, kuwaamsha, kuwaosha, kuwapa chai. Huko mtaa wa Stechford kuna mama mmoja mzee, Mama Naliaka, alikuja huku zamani kama nesi. Siku ya kwanza nilimsalimia kwa Kiingereza. Akasoma jina langu kwa beji, akacheka.

"Kumbe wewe ni wetu! Umeoa kwa nani?"

Nikamtajia ukoo wenu. Akavuta blanketi mpaka shingoni.

"Ole wangu! Hao ni watu wangu. Mimi ni mama mkwe wako. Toka nje, mkwe, toka!"

Nikatoka mbio. Tulicheka, yeye ndani, mimi kwa korido. Lakini haikuwa mzaha, wewe unajua kwetu mkwe hamgusi mama mkwe. Ningemwosha vipi mama wa ukoo wenu? Hata mama yako mzazi sijawahi kumpa mkono. Ofisini niliona haya kueleza, nikasema tu mzee anataka mwanamke. Wakampa Josephine, yule dada Mkisii tunayesali naye, mwenye katoto ka kike.

Mwezi uliopita Josephine akanipigia asubuhi.

"Kaka, mtoto anachemka, niko naye hospitali. Ofisini hawashiki simu. Wewe uko karibu na Mama Naliaka, nisaidie leo tu."

Nikasema sawa. Sikumtajia ule ukwe. Nilijiambia nitafumba macho nimalize.

Nilifika, nikachemsha chai. Mlangoni kwa chumba chake miguu ikakataa.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, mkweo."

Nikasikia akivuta blanketi. Halafu: "Weka hapo nje, baba, uende zako. Josephine atakuja."

Nikaweka kikombe kwa stuli, nikaenda. Sikumwambia mama kwamba Josephine haji. Sikumpigia mtu yeyote. Mama akangoja, akachoka kungoja, akajaribu kuamka peke yake. Akaanguka, akavunjika nyonga.

Wakatuita ofisini mmoja mmoja. Josephine alikuwa amewaonyesha kwa simu yake kwamba alinipigia. Meneja akaniuliza kama Josephine alinipa ile zamu. Hakuwa hata na hasira, alikuwa ananiangalia tu. Nikasema hapana, alinipigia kuniambia mtoto ni mgonjwa, basi. Hivyo tu, Mama Simiyu, kama mtu anayeulizwa saa. Na mzee alipoulizwa, alisema hakuona mtu. Alinificha, maana ni aibu mkwe kutajwa na mambo ya kitanda chake.

Josephine alifutwa. Udhamini wake unaondolewa, na asipopata mwingine atafunga mizigo na mtoto wake. Jumapili hako katoto kalinikimbilia kanisani, "Hello uncle!" Nikajifanya natafuta kitu mfukoni.

Juzi nilienda kumwona mzee hospitalini. Nilisimama nyuma ya pazia.

"Mkwe, si nimekuficha vya kutosha?"

"Ndiyo, mama."

"Basi. Aibu yangu nimeimaliza. Hiyo iliyobaki ni yako. Yule msichana alikuwa akinisugua mgongo anaimba."

Nikatoka nikampigia Josephine hapo hapo kwa kituo cha basi, nikamwambia yote.

"Nilikuita kaka," akasema. Halafu akasema, "Usiniombe msamaha kwa simu. Jumatatu naenda kukata rufaa. Kuja uniombe hapo, mbele ya meneja."

Nimemkubalia. Sijui kama watamrudisha. Huenda tukafutwa wote wawili, yeye kwa kutopitia ofisini na mimi kwa uongo. Nikirudi nyumbani, watu watasema nilifukuzwa, na itakuwa kweli. Nimezunguka na hii hesabu, kila nikigeuka kuna ukuta: nikinyamaza, nakaa juu ya mgongo wa Josephine na mtoto wake, nikisema, watoto wetu ndio wanabeba mzigo.

Nisalimie mama yangu, umwambie dawa asiache. Kaka Barasa anayetuangalizia ng'ombe, mwambie namshukuru. Shemeji wote na jirani yetu fundi pia. Mama yako msalimie kwa mbali, kama kawaida yetu, lakini habari hii usimpe. Nitamwambia mwenyewe.

Mama Simiyu, nisamehe. Na tafadhali usinipigie kabla ya Jumatatu. Ukiniambia nisiende, nitakusikiza.

Mume wako,
Wekesa